Mwenye Crown ya magurudumu manne apige hesabu ya kilomita, si ya lita

Na Mwandishi Wetu wa Masoko

KATIKA yadi za magari yaliyotumika jijini Dar es Salaam, swali la kwanza la mnunuzi ni lile lile miaka nenda rudi: gari hili linakula kiasi gani? Muuzaji naye ana jibu moja kwa kila gari lililopo uani. Halili sana. Mnunuzi anaitikia kwa kichwa, anapiga teke tairi moja, na mazungumzo yanahamia kwenye bei. Kwa mfanyabiashara ambaye mtaji wake wote uko kwenye mzunguko, mazungumzo hayo ni mafupi mno, hasa pale gari linalotazamwa linapokuwa la kifahari, la silinda sita, tena lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne.

Wiki hii ukurasa huu unaacha kidogo bei za nafaka na hisa, unachukua gari moja tu na kulipigia hesabu. Gari lenyewe ni Toyota Crown Athlete ya injini ya lita 2.5, ile yenye mfumo ambao Toyota wanauita i-Four. Nimelichagua kwa sababu limekuwa gari la ndoto kwa wafanyabiashara wengi wa umri wangu, na kwa sababu lawama inayolifuata inajulikana na kila fundi wa mtaani: "Hilo ni 4WD, litakumaliza kwa mafuta." Maoni yangu ni kwamba lawama hiyo ina ukweli kidogo, na kwamba mnunuzi anayeikimbilia anaacha kutazama mahali ambapo fedha zake zinapotea kweli kweli.

Tuanze na chombo chenyewe. Crown zinazozungumzwa hapa ni za matoleo mawili: lile lililoanza Desemba 2003, na lile lililolifuata mwaka 2008 likaendelea hadi 2012. Injini ni V6 iitwayo 4GR-FSE, ya sentimita za ujazo 2,499, inayonyunyizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Injini hiyo hiyo imo kwenye Mark X ya lita 2.5, kwa hiyo mengi yatakayosemwa hapa yanamhusu pia mwenye Mark X ya 4WD. Ndani ya Crown hii hakuna swichi ya kuwasha au kuzima magurudumu ya mbele. Mfumo uko kazini wakati wote. Kwa kawaida asilimia 30 ya nguvu inakwenda mbele na asilimia 70 nyuma, na barabara ikiteleza kompyuta inaweza kugawa hadi nusu kwa nusu. Maana yake ni kwamba hata ukiwa kwenye lami kavu ya Barabara ya Bagamoyo, injini inazungusha shafti ya ziada, difu la mbele na ekseli zake, na inabeba uzito wa vyuma hivyo.

Vyuma hivyo vinagharimu petroli kiasi gani? Kwa bahati nzuri injini hii iliuzwa pia Marekani, ndani ya Lexus IS 250, kwa matoleo yote mawili: la kusukuma nyuma peke yake na la magurudumu manne. Vipimo vya Serikali ya Marekani kwa modeli za mwaka 2008 viliipa ile ya nyuma, yenye gia za otomatiki, maili 21 kwa galoni mjini na 29 kwenye barabara kuu. Ile ya magurudumu manne ilipewa 20 na 26. Tukibadilisha kwa lugha yetu, mjini ni karibu kilomita 8.9 kwa lita dhidi ya 8.5, na safarini karibu 12.3 dhidi ya 11.1. IS 250 ni ndogo kuliko Crown, lakini pengo kati ya ndugu hao wawili ndilo tunalolitafuta, na pengo hilo mjini ni asilimia 5 tu hivi. Safarini ndiko linakofika kwenye asilimia 10.

Hapa niseme neno kuhusu zile namba za Kijapani ambazo wauzaji wanapenda kuzisoma kwa sauti. Magari ya miaka hiyo yalipimwa Japani kwa utaratibu ulioitwa 10-15. Gari lilipimwa likiwa maabara, injini ikiwa imeshapata moto, kwa umbali wa kilomita nne na ushei, mwendo usiozidi kilomita 70 kwa saa, bila kiyoyozi. Utaratibu huo uliachwa na nafasi yake ikachukuliwa na JC08, ambao ulikuwa mkali kidogo. Dereva anayetoka Mbagala saa kumi na mbili asubuhi na kiyoyozi kikiwa kimefunguliwa hafanyi jaribio la aina hiyo. Akiambiwa gari linakwenda kilomita 11 au 12 kwa lita moja, namba hiyo aiache pale pale yadi.

Njia ya kupata namba ya kweli ni ya kizamani na haina gharama. Jaza tangi mpaka pampu ikate yenyewe, andika kilomita zilizosomeka, tembea kwa wiki nzima kama kawaida yako, kisha rudi sheli ile ile ujaze tena mpaka ikate. Gawanya kilomita kwa lita. Anayeweka mafuta ya elfu kumi kumi hawezi kujua gari lake linakula nini hata akilimiliki miaka mitano, na zaidi ya hapo anaisumbua pampu iliyomo ndani ya tangi, ambayo hupoozwa na petroli ile ile inayoizunguka.

Sasa hesabu. Nachukua petroli kuwa shilingi 3,000 kwa lita kwa ajili ya wepesi tu wa kugawanya. Msomaji aweke bei kikomo ya mwezi wake, ambayo EWURA huitangaza kila Jumatano ya kwanza. Nachukua mfanyabiashara anayetembea kilomita 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka, nyingi zikiwa za mjini. Kwa foleni za Dar es Salaam na joto lake naipa Crown ya magurudumu manne kilomita 7 kwa lita, na dada yake wa kusukuma nyuma naipa 7.35, kwa kufuata lile pengo la asilimia 5.

Crown ya i-Four itakunywa lita 2,571 kwa mwaka, sawa na shilingi milioni 7.7. Ile ya nyuma itakunywa lita 2,449, sawa na milioni 7.35. Tofauti ni shilingi 367,000 kwa mwaka mzima, au kama elfu thelathini kwa mwezi. Hata kama kilomita hizo 18,000 zote zingekuwa za safari ndefu, kwa vipimo vile vya barabara kuu tofauti ni kama laki tano tu kwa mwaka. Hizo ndizo fedha ambazo magurudumu manne yanatuhumiwa kummaliza nazo mtu.

Tuweke pembeni yake gari la kawaida, tuseme Toyota Premio ya injini ya sentimita za ujazo 1,496, na tulipe kilomita 11 kwa lita kwenye foleni hizo hizo. Litakunywa lita 1,636, shilingi milioni 4.9. Kati ya Premio na Crown ya magurudumu manne kuna milioni 2.8 za petroli. Katika milioni 2.8 hizo, magurudumu manne yanachukua laki tatu na elfu sitini na saba tu. Zilizobaki, karibu milioni mbili na nusu, ni za silinda mbili za ziada, uzito wa gari kubwa, na ule mguu unaopenda kusikia V6 inavyoitika. Aliyeamua kununua silinda sita ameshailipa bili kubwa kabla hajafikiria magurudumu mangapi yanavuta.

Upandaji wa bei nao haumgusi kila mtu sawasawa. Kila shilingi 100 inayoongezeka kwenye lita inampa mwenye Crown mzigo wa shilingi 257,000 kwa mwaka na mwenye Premio 164,000. Waliokuwa barabarani Agosti 2022, petroli ilipopita shilingi 3,400 jijini Dar es Salaam huku Serikali ikiwa imeshaweka ruzuku, wanakumbuka. Tena mwelekeo wa kodi katika miaka ya karibuni umekuwa ni kuihamishia kwenye lita. Mwaka 2017 Serikali ilifuta ada ya leseni ya mwaka ya magari, ada ambayo ililipwa hata kama gari limelala uani, na badala yake ikaongeza shilingi 40 kwenye ushuru wa kila lita. Mwaka wa fedha 2023/24 ikaja nyongeza nyingine ya shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya miradi ya kimkakati. Kwa nyongeza hizo mbili peke yake, Crown yetu inachangia shilingi 360,000 kwa mwaka na Premio 229,000. Sina ugomvi na utaratibu huo, maana anayetumia barabara na mafuta mengi ndiye anayelipa zaidi. Ila mnunuzi wa gari la silinda sita ajue kwamba Waziri wa Fedha akisimama bungeni mwezi Juni, yeye ni mmoja wa wanaoguswa kwanza.

Tukitoka sheli tunafika mahali ambapo magurudumu manne yanaanza kudai haki yake kwa ukali, nako ni kwenye tairi. Jambo hili wauzaji hawalisemi, na nadhani wengi wao hawalijui.

Gari la kusukuma nyuma likipasua tairi moja kwenye shimo, mwenye gari mwangalifu ananunua mawili, ya ekseli moja, na maisha yanaendelea. Katika gari ambalo magurudumu yote yameunganishwa, tairi jipya lina kimo kikubwa kuliko kuukuu lililokwisha meno, kwa hiyo linazunguka mara chache zaidi kwa kila kilomita. Ule mkusanyiko wa vyuma wa katikati, ambao kazi yake ni kuruhusu tofauti ndogo za kwenye kona, unajikuta unasawazisha tofauti hiyo wakati wote, hata kwenye mstari ulionyooka. Unapata moto, unalika, na siku ukifa haununuliwi kwa bei ya tairi. Kwa hiyo mwenye i-Four anayejua mambo hununua tairi nne kwa pamoja, za kampuni moja na saizi moja. Tukisema tairi moja la rimu ya inchi 17 au 18 ni shilingi 250,000, mwenzake wa kusukuma nyuma anatoa laki tano na yeye anatoa milioni moja. Tofauti ya laki tano kwa shimo moja. Petroli ya ziada ya mwaka mzima ilikuwa 367,000.

Wanaonunua tairi za mtumba moja moja, hili kutoka duka hili na lile kutoka duka lile, gari la namna hii haliwafai kabisa. Nalisema hilo bila kuzunguka.

Vitu vingine vya magurudumu manne ni vidogo: oili ya difu la mbele, oili ya kisanduku kinachogawa nguvu, na mipira ya kufunika viungo vya ekseli za mbele, ambayo ikichanika ikaingiza mchanga inakuwa kazi ya fundi ya siku nzima. Sevisi ya kawaida ya injini inakula oili lita sita na kitu, na plagi ziko sita badala ya nne. Hayo yanapangika.

Lisilopangika ni tabia moja ya injini ya 4GR-FSE yenyewe. Kwa kuwa petroli yake inanyunyizwa ndani ya silinda tu, haipiti juu ya valvu za kuingizia hewa, na kwa hiyo haizisafishi. Masizi ya mvuke wa oili yanajijenga pale mwaka hadi mwaka. Gari linaanza kutetemeka likisimama kwenye taa, linapoteza nguvu, na ulaji wa mafuta unapanda kimya kimya. Malalamiko ya wenye IS 250 huko Marekani yalikuwa mengi hata yakafika mahakamani, na Toyota ikaanzisha mpango maalumu wa kuwasaidia wateja wa modeli za 2006 hadi 2010. Crown za umri huo zilizofika hapa zimekuja bila mpango wa namna hiyo. Cha kushangaza ni kwamba injini kubwa zaidi ya lita 3.5 ina usalama zaidi kwenye jambo hili, maana ina nozeli za aina mbili, za ndani ya silinda na za kwenye njia ya hewa, na zile za pili zinaosha valvu. Simshauri mtu kukimbilia lita 3.5 kwa sababu hiyo. Ninachosema ni kwamba mwenye lita 2.5 anayeona ulaji wa mafuta unapanda mwezi hadi mwezi asiyalaumu magurudumu manne kabla fundi hajazitazama valvu.

Kuna la oktani pia. Injini hii ilipotolewa na nguvu za farasi 215 ilipangiwa petroli ya oktani ya juu. Toyota wenyewe walipoleta Mark X mpya mwaka 2009 waliishusha hadi 203 ili iridhike na petroli ya kawaida ya Japani. Kwa mnunuzi wa hapa ile ya 203 ni mapatano bora zaidi.

Sasa nifike kwenye mlaji mkubwa, ambaye hanywi petroli. Tuseme Crown imekufikia barabarani kwa milioni 28 na Premio kwa milioni 16. Ni bei za mfano tu. Aliye na bei za yadi ya wiki hii aziingize. Tuseme baada ya miaka minne Crown itauzwa kwa milioni 16. Uchakavu ni milioni 3 kwa mwaka. Bima kubwa kwa asilimia 3.5 ya thamani, ukiongeza VAT ya asilimia 18, ni milioni 1.16. Sevisi, tairi na spea tuzipe milioni 2.4. Halafu ule mtaji wa milioni 28 nao una bei yake, hata kama ulitoka mfukoni mwako na hukumkopa mtu. Tuupe asilimia 12 kwa mwaka, ambayo iko chini kidogo ya riba ya asilimia 12.56 ya hatifungani za Serikali za miaka 25 za mwaka 2022, fedha ambazo mtu angezipata akiwa amelala. Hiyo ni milioni 3.36 kwa mwaka wa kwanza. Aliyenunua kwa mkopo wa benki aweke riba halisi ya mkopo wake mahali pa asilimia 12, na atapata namba inayouma zaidi.

Jumla, pamoja na petroli ya milioni 7.7, ni shilingi milioni 17.6 kwa mwaka. Ukigawa kwa kilomita 18,000 unapata karibu shilingi 980 kwa kila kilomita. Katika hizo, petroli ni 429. Zaidi ya nusu ya gharama ya gari hili haipiti kwenye pampu kabisa, na ndiyo maana swali la "linakula kiasi gani" linamdanganya mfanyabiashara hata pale anapojibiwa ukweli.

Na asilimia 12 ni hesabu ya mtu aliyestaafu. Mfanyabiashara wa vitenge wa Kariakoo anayepata faida safi ya asilimia 8 kila anapozungusha mzigo, na anayezungusha mara tano kwa mwaka, ana kipimo kingine. Zile milioni 12 za tofauti kati ya Crown na Premio, zikibaki dukani, zinamletea 960,000 kwa mzunguko, milioni 4.8 kwa mwaka. Hizo ni zaidi ya pengo lote la petroli kati ya magari hayo mawili. Mwenye duka anaweza kuendesha Premio, akalipia petroli yake yote kwa mwaka, na milioni 4.9 hizo zikatoka karibu zote kwenye faida ya fedha ambazo hakuzigeuza kuwa Crown.

Nimeshawahi kubishana na wenzangu tuliosoma nao biashara kuhusu jambo hili, na hoja yao si ya kupuuzwa. Wanasema gari ni sehemu ya mtaji. Anayetafuta mali kauli kutoka kwa muuzaji wa jumla anatazamwa anavyoshuka, na mtu akishuka kwenye Crown nyeusi iliyong'arishwa anapewa marobota thelathini mahali ambapo aliyeshuka bodaboda anapewa matatu. Kwa biashara za aina fulani ni kweli, na wakala wa nyumba au mkandarasi anaweza kuonyesha faida yake kwenye vitabu. Lakini wauzaji wa jumla waliokwisha umizwa siku hizi wanatazama miamala ya simu na ya benki kabla ya rangi ya gari. Afisa wa kodi naye ana macho. Na hata tukiikubali hoja hiyo yote, haidai magurudumu manne: Crown ya kusukuma nyuma inang'aa vile vile mbele ya ghala.

Kwa wale ambao wameshaamua ni Crown, basi, wapi magurudumu manne yanastahili fedha zake? Mfumo huu ulitengenezewa theluji ya Hokkaido na mikoa ya kaskazini mwa Japani. Unasaidia kuondoka na kupanda pale ambapo barabara inateleza. Hausaidii kufunga breki, maana magari yote yana breki kwenye magurudumu manne, na dereva anayeingia kona za Kitonga kwa kasi akitegemea i-Four anajidanganya. Wala hauinui tumbo la gari. Kwenye tope la masika la barabara za ndani za Makete au Lushoto, Crown itakwama kwa kulalia tumbo huku magurudumu yote manne yakizunguka vizuri sana. Aliye na mzigo wa viazi huko akodi pikapu. Anayefaidika ni mtu wa nyanda za juu mwenye lami iliyopandisha, mvua ndefu na ukungu, ambaye anasafiri mara kwa mara na anaweza kununua tairi nne kwa pamoja bila kukopa. Mkazi wa Dar es Salaam, Mwanza mjini au Dodoma analipia kitu ambacho atakitumia siku chache sana kwa mwaka.

Anayetaka kiti cha Crown na bili ndogo ana njia nyingine. Kuna Crown ya injini ya turbo ya sentimita za ujazo 1,998 iliyoanza mwaka 2015, ya kusukuma nyuma. Chini ya sentimita 2,000 ushuru wa bidhaa umekuwa asilimia 5 badala ya 10, na kwa kuwa VAT inatozwa juu ya ushuru, tofauti hiyo inafika zaidi ya shilingi 7 kwa kila 100 za thamani ya gari bandarini. Kuna pia Crown ya mseto wa petroli na umeme ya lita 2.5, iliyopata toleo la magurudumu manne mwaka 2014. Hiyo ndiyo inayopunguza mafuta kweli kweli kwenye foleni, lakini betri yake ni deni linalongoja, na mnunuzi atake ipimwe kwa mashine kabla ya kulipa. Wanaofikiria kubadilisha V6 yao itumie gesi asilia waulize kwanza kama karakana ina vifaa vya injini za kunyunyizia ndani ya silinda. Vile vya kawaida vilivyofungwa kwenye Premio na IST havifai hapa. Na kwa gari lolote kati ya haya, lililotimiza miaka 8 linatozwa ushuru wa ziada wa uchakavu, kwa hiyo bei nafuu ya mnada isikusahaulishe mwaka wa kutengenezwa.

Kwa wanaoagiza wenyewe, jambo la mwisho ni la chini ya gari. Kwa kuwa Crown za i-Four zilinunuliwa zaidi na watu wa mikoa ya theluji, nyingi zimepita majira mengi ya baridi kwenye barabara zilizomwagiwa chumvi ya kuyeyushia barafu. Kutu inaanzia kwenye fremu, mabomba ya breki na maungio ya ekseli, mahali ambapo picha za muuzaji hazifiki. Kwenye karatasi ya mnada wa Japani herufi S ni alama ya kutu na C ni ya chuma kilicholika. Iombe karatasi hiyo ile ya asili, siyo tafsiri aliyoiandika muuzaji, na utazame jina la mji ambako mnada ulifanyika. Ikiwa ni Sapporo, na chini ya mchoro wa gari kuna C mbili au tatu, bei ishuke vya kutosha kulipia fundi wa kuchomelea, au mfanyabiashara atazame gari linalofuata kwenye orodha.